Cheti cha Bwawa na Makakule wa Bwaise

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama ukingoni mwa bwawa langu, beseni la machicha mkononi, na Afande Jafar akiwa ameniuliza swali lake: "Wewe mama, hii shimo ni ya nani?"

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nitaeleza kwa ufupi. Jina langu ni Hortense, Mnande wa Butembo huko Kongo, mkazi wa Bwaise, mtaa wa Kampala, mke wa Kakule na mama wa Zéphyrin. Mume wangu alichimba shimo katika tope la nyuma ya nyumba yetu, mahali ambapo mafuriko yalikuwa yakitutembelea kila msimu bila kubisha hodi. Nilisema: maji yakikataa kuondoka, basi na yafanye kazi. Tukatia vifaranga vya ngege, jirani yangu Mama Alal akatupa machicha ya pombe yake, na samaki wakanenepa kuliko wenye nyumba.

Kosa letu lilikuwa moja tu. Mwaka huo wa sabini na nne, mtu mwenye akili timamu hakuwa akichimba shimo Kampala. Mashimo yalikuwa kazi ya serikali.

"Ni bwawa la samaki, Afande," nilimjibu.

"Karatasi iko?"

"Karatasi gani?"

"Ya kusema hii shimo ni ya samaki." Aliutazama uso wa maji, kisha akanitazama mimi, kama anayepima ni kipi chenye kina zaidi. "Ijumaa mimi narudi. Karatasi ikikosa, bwana yako mwenye kuchimba tunaenda na yeye kambi. Atatueleza alitaka kuzika nani."

Watu waliochukuliwa kwenda kambini kueleza, wasomaji wangu, walikuwa na maelezo marefu mno. Wengine mpaka leo hawajayamaliza.

Basi nilikuwa na siku chache za kumfanya mume wangu awe mfugaji halali wa samaki. La sivyo, ningekuwa mjane halali.

Kesho yake nilivaa gauni lililonifunika mpaka vifundo vya miguu, kwa kuwa magoti ya wanawake yalikuwa yametangazwa adui wa taifa, nikaenda Nakasero. Ofisi ya uvuvi niliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya soko, juu ya ngazi. Ukutani picha ya Mkubwa wa nchi ilikuwa ikitabasamu kwa niaba ya wafanyakazi wote.

Karani aliitwa Okullo, mtu wa Lira, mwembamba, mwenye njiti ya kiberiti mdomoni ambayo aliitafuna kana kwamba ndiyo chakula chake cha mchana. Huenda ndiyo ilikuwa.

"Karibu, nyabo. Shida gani?"

"Nimekuja kuandikisha samaki."

"Samaki wa nani?"

"Wangu."

"Samaki ni wa ziwa, nyabo. Na ziwa ni la serikali."

"Hawa hawajawahi kuliona ziwa, bwana. Wamezaliwa Bwaise."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wamezaa juu ya mti.

"Namba ya mtumbwi?"

"Sina mtumbwi."

"Nyavu zako matundu yake ni ya kiasi gani?"

"Sina nyavu. Ninatumia kikapu."

"Nyabo, mtumbwi huna, nyavu huna, ziwa huna. Wewe ni mvuvi wa namna gani?"

"Mimi si mvuvi. Ni mfugaji."

Uso wake ukang'aa. Hakuna kinachomfurahisha karani kama kugundua kwamba shida iliyo mbele yake ni ya ofisi nyingine.

"Sasa tumeelewana! Wafugaji si hapa. Vuka barabara."

Nilivuka barabara. Jina la bwana wa mifugo sikulipata, kwa sababu hakuinua uso kutoka kwenye daftari lake.

"Mifugo yako imechanjwa?"

"Bado."

"Josho je? Unaipeleka mara ngapi kwa wiki?"

"Bwana, hii yangu imo ndani ya josho mchana kutwa na usiku kucha."

"Vizuri sana," alisema akiandika. "Wafugaji wengi ni wazembe. Na chapa? Umeipiga chapa?"

"Nimeshindwa kupata mahali, bwana. Ngege ni magamba kila upande."

Hapo ndipo alipoinua uso kwa mara ya kwanza.

"Ngege? Samaki?"

"Ndiyo."

"Na kwa nini hukusema tangu mwanzo? Unapoteza wakati wa serikali. Rudi ng'ambo!"

Nilirudi ng'ambo. Okullo alikuwa bado na njiti yake.

"Umerudi, nyabo?"

"Nimerudishwa."

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu mwema aliyekuwa amesahau kidogo namna ya kucheka. Alinivutia kiti. Akanieleza kwamba bwawa haliandikishwi kabla ya kukaguliwa. Kwamba ofisi ilikuwa na gari la ukaguzi, na kwamba gari hilo lilikuwa na kila kitu isipokuwa petroli.

"Sasa tutafanyaje, bwana? Bwawa haliwezi kupanda ngazi."

"Lete sampuli."

"Ya maji?"

"Maji ya nini? Ya samaki. Wawili, wakubwa. Samaki mdogo hakaguliki." Alifikiri kidogo. "Na utoe magamba. Magamba yanazuia kuona."

Siku iliyofuata ukaguzi ulifanyika juu ya meza. Okullo, ambaye ndiye alikuwa mkaguzi pia, aliwabonyeza samaki kwa kidole, akawanusa, akawageuza, akawanusa tena kwa muda mrefu kuliko sheria ilivyohitaji. Sikumlaumu. Mwaka huo chumvi tulikuwa tukiigawana kwa ncha ya kijiko, na sukari ilikuwa hadithi tuliyowasimulia watoto. Aliwafunga vizuri katika gazeti, akawalaza ndani ya saraka kando ya mhuri.

"Serikali imeridhika," alisema.

Lazima niwaambie kwamba chumbani mle alikuwamo bwana mwingine. Alikaa karibu na dirisha, miwani nyeusi usoni, akisoma gazeti. Jana yake pia alikuwepo, na ukurasa ulikuwa uleule. Kila ofisi ya wakati ule ilikuwa na bwana wa aina hiyo. Hakuna aliyejua nani aliyemwajiri, hakuna aliyemwuliza anasoma nini, na alipotoka, hakuna aliyekalia kiti chake.

Okullo alitandaza fomu.

"Mwenye biashara ni nani?"

"Mimi."

"Una bwana?"

"Ninaye."

"Basi mwenye biashara ni yeye. Wewe ni..." Alilitafuta neno darini. "Wewe ni msaidizi."

Ni mimi niliyewalisha ngege hao tangu wakiwa wadogo kama kope. Lakini sikubishana. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mume wangu, si kumpindua.

"Nipe kalamu," nilisema. "Nitaandika mwenyewe."

Nilikuwa mwanafunzi wa darasa la ngumbaru kule Kawempe, lililofunguliwa baada ya Kiswahili kutangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwalimu wetu, Mwalimu Adyero, alikuwa akituonya kwamba fomu ni kama kitubio: humo hauandikwi uongo. Na kwetu mke hatamki jina la mumewe; humwita kwa jina la mtoto. Tangu Zéphyrin azaliwe, mdomo wangu haukuwa umelitaja jina la baba yake. Lakini mkono si mdomo. Nililiandika kwa herufi za duara, wino haukumwagika, na mkia wa herufi ya mwisho niliukunja kidogo kwa urembo: Kakule.

"Jina la pili?"

"La ubatizo lilifutwa, bwana. Wakuu wa kwetu walipiga marufuku majina ya kizungu ili tuwe Waafrika halisi. Kabla ya hapo hatukujua tulikuwa nani."

Okullo hakucheka. Alikuwa analitazama lile jina. Njiti ilikuwa imesimama mdomoni.

"Nyabo," alisema polepole, "andika jina lingine."

"Lipi?"

"Lolote. Andika lako. Andika la kaka yako."

"Lakini mwenye biashara ni huyu. Wewe mwenyewe umesema."

Aliinama kana kwamba anaokota kitu, na maneno yakatoka chini ya meza.

"Liko tangazo. Kuna Kakule anapitisha kahawa ya magendo mpaka Kongo. Anatafutwa. Tangazo lina jina moja tu, ni hili hapa. Futa, nyabo. Fomu nyingine ipo."

Okullo alikuwa Mlango, mtu wa kabila la rais aliyepinduliwa. Miaka ile Walango hawakuwa wakiwagawia wageni bahati, kwa sababu waliihitaji yote iliyobaki kwa matumizi ya nyumbani. Hata hivyo bwana yule alikuwa amekata kipande cha bahati yake akanipa mimi, mwanamke asiyemjua, bure. Mtu asiye na elimu angekipokea kipande hicho, akanyamaza, akaandika "Hortense" na kwenda zake.

Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa na elimu.

"Hilo si jina la mtu mmoja, bwana!" nilisema, kwa ile sauti ambayo Mwalimu Adyero aliisifu kwa kufika benchi la nyuma. "Kwetu Wanande watoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Mwana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Kila nyumba yenye wana wanne ina Kakule wake. Huyo wenu wa kahawa ni mtoto wa nne wa watu wengine kabisa!"

Okullo alifumba macho.

Gazeti la dirishani likashuka.

"Mama," alisema bwana wa miwani, kwa upole ambao sikuwahi kuupata katika ofisi yoyote, "hayo ni maarifa makubwa."

Hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa amewahi kuniambia kwamba nina maarifa. Nilinyoosha mgongo.

"Ni mila tu, bwana mkubwa."

"Sisi tulikuwa tunatafuta mtu mmoja. Kumbe wako wengi. Hata hapa Kampala wapo?"

"Tele."

"Hata huko kwenu Bwaise?"

Wasomaji wangu, aliuliza kwa adabu. Nami nilijibu kama mwanafunzi aliyesubiri mwaka mzima aulizwe swali analolijua.

"Yupo Kakule fundi viatu, ukiacha barabara ya Bombo unaingia mkono wa kushoto. Yupo Kakule wa mkaa, mkabala naye. Yupo mzee Kakule, katekista, nyumba ya nyuma ya kanisa. Na mwanawe wa nne, ambaye naye, kama taratibu zinavyotaka, ni Kakule."

"Na huyu wa samaki."

"Na huyu wa samaki. Lakini wangu ni mtu wa bwawa tu, bwana mkubwa. Kahawa hata hainywi."

"Asante sana, mama. Wananchi wote wangekuwa kama wewe, kazi yetu ingekuwa nyepesi." Alimgeukia karani. "Mpe mama cheti chake. Mama anasema kweli."

Mhuri ulipigwa. Sahihi iliwekwa. Cheti ambacho wanaume wenye tai walikuwa wakikisubiri kwa miezi, mimi nilikipata kabla wino wa fomu haujakauka. Okullo alinipa bila kuniangalia.

"Nenda nyumbani, nyabo," alisema. "Nenda haraka."

Niliangalia nje, nikaona mawingu. Nikafikiri: bwana huyu ana huruma, hataki ninyeshewe.

Jioni, mume wangu aliporudi kutoka kwenye tanuri za matofali za Kawempe, nilikuwa nimekwisha kukipiga cheti pasi na kukilaza juu ya meza, upande wenye mhuri ukitazama mlango. Nilimpakulia chakula, nikamsimulia ushindi wangu tangu ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kiswahili cha mume wangu hakikupita kwa Mwalimu Adyero. Ni kile cha kwetu.

"Ukaandika jina ya nani?" aliuliza.

"Yako, Baba Zéphyrin."

"Mama Zéphyrin, jina ya mutu haiachwe mu ofisi sawa mwavuli."

"Lakini tazama, kina mhuri!"

"Na ule wa miwani, ulimuambia nini?"

"Aliuliza kwa adabu, nikajibu kwa adabu." Nikamrudia yale majibu yangu yote.

Aliacha kutafuna.

"Ulimuambia na nyumba ya katekista?"

"Aliuliza."

Hakupiga kelele. Wanaume wa kwetu wakikasirika kidogo hugomba. Wakikasirika sana huwa wapole kama waliopokea komunyo. Aliosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja.

"Asubui nitapita kwa bale bandugu," alisema. "Nibaambie baondoke."

"Na wewe je?"

"Miye niko na mhuri, si ndiyo?"

Alilisema hilo kwa namna ambayo hata kabla ya kwenda shule ningeielewa.

Ijumaa alitoka alfajiri. Alipita kwa fundi viatu, wakapita pamoja kwa wa mkaa, wakamtuma mtu kumwita katekista na mwanawe. Walikusanyika katika kibanda cha viatu ili wazungumze kwanza, kwa sababu Mnande hakimbii kabla ya kujadiliana: nani aende wapi, wanawake wabaki na nani, sala ya safari iongozwe na nani. Katekista alikuwa ndiyo kwanza anaanza sala wakati lori lilipofika.

Serikali ilikuwa imejiandaa kwa msako wa siku nzima. Mume wangu aliwarahisishia ukawa wa dakika chache. Maandiko husema mke na mume ni mwili mmoja. Sisi tulikuwa pia mkono mmoja.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Saa ile mimi nilikuwa kwangu, nimempa Afande Jafar kigoda, na yeye alikuwa amekiweka cheti juu ya goti akikisoma neno kwa neno.

"Mhuri iko," alisema. "Sahihi iko. Bwawa ya samaki, Bwaise. Mwenyewe, Kakule." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Mama, hii karatasi ni safi kabisa."

"Kwa hiyo mume wangu haendi kambini, Afande?"

"Mimi nilisema lete karatasi. Wewe umeleta karatasi. Mimi si mtu mbaya."

Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru. Niliinama kidogo hata.

"Lakini kuna kazi ingine," aliendelea. "Jana amri imetoka Nakasero. Wanataka Kakule wa kahawa. Sasa wanasema Kakule ziko mingi, kwa hiyo tulete zote, huko mbele wao watachagua. Ni mama fulani aliwaeleza. Mama mwenye akili sana."

Miguu yangu ilitafuta mahali pa kukaa, lakini kigoda kilikuwa na mtu.

"Usiogope," alisema Afande kwa ukarimu. "Mwenye cheti ni mtu wa serikali sasa. Mwenye hii bwawa anabaki kwake na samaki yake. Hao wengine watapanda gari. Wewe kazi yako ni moja tu, kunionyesha bwana yako."

"Nitakuonyesha, Afande. Hata sasa hivi."

"Lakini usiseme na wao. Nyosha kidole, basi. Nikisikia neno moja, cheti inaingia maji, na zote zinapanda."

Askari wa lori waliwaleta nyuma ya nyumba na kuwapanga ukingoni mwa bwawa, migongo yao kwenye migomba, nyuso kwenye maji. Fundi viatu alikuwa bado na aproni yake. Katekista alikuwa ameshika mkono wa mwanawe. Mume wangu alikuwa wa mwisho. Vipande vyao vya kodi vilikusanywa ndani ya kofia ya askari. Askari alivisoma kimoja baada ya kingine kwa sauti, na kila kimoja kilisema Kakule. Askari wenzake walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Ng'ambo ya bwawa wake zao walikuwa wamekuja mbio, wakasimama. Mmoja wao alikuwa Julienne, mke wa fundi viatu, ambaye mimi naye tulikuwa tukikalia benchi moja la ngumbaru na kukopeshana kifutio.

Nilinyoosha kidole. Kilielekea moja kwa moja kwa yule wa mwisho.

Afande Jafar alikwenda mpaka kwake, akasimama karibu kiasi cha kugusana pua.

"Wewe. Mama huyu anasema wewe ni bwana yake. Anasema hii shimo ni yako."

Angesema "bwawa". Angesema "cheti". Afande yule alikuwa na maneno mengi mazuri ya kuchagua, akachagua "shimo".

Na huko mjini kwetu, wakati ule, mtu aliyeulizwa na mwanajeshi kama yeye ndiye fulani alikuwa na jibu moja tu, ambalo hata watoto walilijua kabla ya kuijua Baba Yetu.

Mume wangu, ambaye ahadi ya Afande hakuisikia, alinitazama. Macho yake yalinipita kama yanavyopita mlango wa nyumba ya watu wengine.

"Hapana, Afande," alisema. "Ule mama simuyue. Na shimo sina."

"Baba Zéphyrin!" nilipiga kelele. "Mwenye bwawa..."

Afande aliinua cheti juu ya maji, akakishika kwa ncha za vidole viwili. Nikaufunga mdomo.

Mlango wa jirani ukafunguliwa. Mama Alal alitoka, mikono imejaa unga wa kimea.

"Afande, huyo ni bwana yake kweli," alisema. "Mimi nawajua. Nawapa machicha kila siku."

"Na wewe jina lako nani?"

"Alal."

"Alal wa wapi?"

Mama Alal alikuwa na mume polisi huko Kitgum, kwa watu waliokuwa wakisakwa kama Walango, au alikuwa naye zamani. Tangu mwaka uliopita hakuwa na hakika. Aliitazama bunduki, akaitazama sufuria yake, akarudi ndani. Sikumlaumu. Hata komeo lake aliliweka taratibu, lisilie.

Afande Jafar alirudi kwangu. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikitishwa kwelikweli na ndoa za siku hizi.

"Pole, mama. Bwana yako amekataa wewe mbele ya watu. Serikali haiwezi kumlazimisha mtu kuwa bwana ya mtu." Alimpungia askari mkono, na mume wangu akaondolewa mwishoni mwa mstari, akasukumwa kuelekea upande wa lori. "Lakini cheti iko. Cheti inasema mwenyewe ni Kakule, na cheti haisemi uongo, si ndiyo?"

"Ndiyo, Afande," nilisema, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

"Na Kakule ziko hapa, zimebaki. Mmoja lazima abaki na bwawa. Basi, mama, chagua ingine."

Ng'ambo ya maji Julienne alipiga magoti katika tope. Mke wa muuza mkaa akapiga magoti kando yake. Katekista aliuachia mkono wa mwanawe, akamsukuma hatua moja mbele yangu ili nimwone vizuri.

"Haraka, mama," alisema Afande. "Gari inakula petroli."

Wanaume wote wa mstari ule waliinua macho wakanitazama. Mume wangu peke yake, pale kando ya lori, hakunitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, ametulia, kwa utulivu wa mtu anayeamini kwamba kwa kulikana shimo amekwisha kuokoka.